Ngozi iliyomo ndani ya neno mubashara

Wiki iliyopita tulialikwa ukumbini, si mbali na Mkunguni, kushuhudia uzinduzi wa programu ya mtandaoni ya kutengeneza mabango na kuhariri video kwa ushirika. Vijana walioileta wamejitahidi, na hilo nalisema kwa moyo mkunjufu, maana hapa Lamu si kila siku tunaitwa kuona kitu ambacho mtoto wa mji amekijenga mwenyewe. Wakawasha projekta. Mmoja wao akaanza kubadilisha rangi za bango la mashindano ya majahazi, na mwenzake akatwambia: "Sasa nyote mnashirikiana naye mubashara."

Nikainua mkono. "Mwanangu, nikitaka kulisogeza hilo tanga kushoto kidogo, naweza?"

"La, ami, hapo huwezi kugusa. Lakini si unaona mubashara?"

Neno hili nimelisikia likivutwa hivyo mara nyingi mno. Mtu akitumiwa picha kwa WhatsApp na ikamfikia dakika ile ile, husema ameipata mubashara. Harusi ikirushwa kwenye simu, jamaa walioko Jeddah huambiwa wameshiriki mubashara, hali walikuwa kimya wakitazama. La ukumbini ndilo lililonikalisha niandike.

Maana yenyewe haina urefu. Kushirikiana mubashara katika kazi ya picha ni watu wawili au zaidi, kila mmoja na kifaa chake, kuifanyia kazi picha au video ile ile kwa wakati ule ule, na badiliko la kila mmoja likaonekana kwa wenzake papo hapo. Faili ni moja. Hakuna nakala yangu wala nakala yako.

Sasa tulitazame neno. Limetoka kwa Kiarabu, na mzizi wake ni herufi tatu: ba, shin, ra. Katika mzizi huo imo bashara, yaani ngozi, ule upande wake wa juu unaoonekana. Mwanadamu naye akaitwa bashar, na wataalamu wa zamani wa lugha ya Kiarabu walilieleza jina hilo kwa ngozi hiyo hiyo: wanyama wengi wamefunikwa kwa manyoya na sufu, yeye ngozi yake i wazi. Bishara, habari ya furaha, imo humo pia, kwa sababu furaha hutokeza kwenye ngozi ya uso kabla ulimi haujasema lolote. Sisi tulipoichukua kubashiri tukaipeleka upande wa utabiri, lakini asili yake ni uso uliong'aa.

Ndipo tunafika kwenye mubashara. Maana yake ya kwanza ni ngozi kukutana na ngozi. Waliosoma chuoni, yaani madrasa, wanaijua aya ambayo Qur'ani imelitumia tendo hilo kwa mume na mke, na sina haja ya kuendelea hapo. Kutoka kwenye kugusana, neno likasogea hadi kwenye kuishika kazi kwa mkono wako mwenyewe bila kumtuma mtu. Wanazuoni wa sheria wakalijengea mlango mzima. Kwao, mubashir ni yule aliyetenda kwa mkono wake, na mutasabbib ni yule aliyekuwa sababu tu. Mfano wao maarufu ni wa kisima: mtu amechimba kisima kwenye njia ya watu, akaja mwingine akamsukumia humo mnyama wa mwenziwe. Anayelipa ni nani? Ni aliyesukuma. Kuchimba kulikuwa sababu, kusukuma ndiko kutenda. Kanuni hii iliandikwa katika Majalla, ile sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya ya karne ya 19, kwamba mtendaji na msababishaji wakikutana, hukumu humwendea mtendaji.

Basi ona mahali neno lilipokuwa limesimama kabla televisheni hazijalichukua: lilikuwa limesimama mkononi. Waarabu walipohitaji jina la matangazo yanayotoka uwanjani bila kurekodiwa kwanza, waliyaita mubashir kwa kuwa hakuna kanda iliyoingia kati ya tukio na mtazamaji. Hapo ngozi ingali imo, kwa namna yake: tukio limeligusa jicho lako bila kizuizi. Nasi tukapata matangazo mubashara, jambo zuri kabisa, na mimi sina neno na anayesema mpira unaonyeshwa mubashara. Mpira hauhitaji mkono wa mtazamaji.

Lakini ukilitoa neno kwenye mpira ukalipeleka kwenye kushirikiana, huwezi kulileta na maana ya jicho peke yake. Kushirikiana kunataka mkono wa kila mmoja. Ikiwa mmoja anagusa na arubaini wanatazama, hayo ni matangazo. Ushirika bado haujaanza, hata kama picha inawafikia haraka kuliko umeme.

Na tofauti hii ina umri wa kazi yenyewe. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Marekani, mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart alikaa jukwaani akawaonyesha watu kompyuta yenye kipanya, jambo geni kabisa siku hizo, kisha akaunganishwa na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, karibu kilomita 50 kutoka hapo. Wote wawili wakaona ukurasa mmoja, na mshale wa kila mmoja ukatembea mbele ya mwingine. Ila mshale wa mwenzake uliweza kuonyesha tu. Uwezo wa kubadilisha Engelbart alijiwekea mwenyewe, na akawaeleza waliohudhuria hivyo waziwazi. Ndiyo sababu nampenda mtu huyu. Alikuwa na kitu ambacho wengi ukumbini hawakuwahi kukiona, na bado hakukipa sifa isiyokuwa yake.

Kwa nini kuipa kila mtu mkono ni kazi nzito? Mimi hutengeneza mabango ya harusi na ya Maulidi pamoja na mpwa wangu aliye Malindi. Zamani alikuwa akinitumia faili, nami nairekebisha, namrudishia, kumbe naye keshairekebisha ile ya kwanza. Tukawa na mabango manne yote yameitwa "la mwisho". Siku hizi tunaingia kwenye bango moja. Nikibadilisha rangi ya mnara naye akiusogeza, hatugombani, kwa sababu rangi ni sifa moja na mahali ni sifa nyingine, na seva, yaani kompyuta ya kati inayoliweka bango letu, hupokea zote mbili. Tukiubadilisha rangi sote kwa pamoja, seva huichukua iliyoifikia mwisho, na skrini zetu zote mbili zikatulia kwenye rangi hiyo. Figma, programu ya usanifu iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2016 na kufanya kazi hii ndani ya kivinjari, imejengwa kwa hesabu ya namna hii. Maandishi yana ugumu wa peke yake: mimi nikifuta neno la tatu wakati yeye anaongeza neno mwanzoni, la tatu langu sasa ni la nne. Watafiti wa kompyuta Clarence Ellis na Simon Gibbs walichapisha mwaka 1989 njia ya kuligeuza kila tendo lilingane na yaliyotangulia kufika, na huduma kama Google Docs zimesimama juu ya njia za ukoo huo. Kazi yote hii ya miaka mingi ilifanywa kwa ajili ya mkono wa pili. Kwa mtazamaji isingehitajika hata kidogo.

Haraka nayo ina mahali pake, sikatai. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ya kwenda nje ilipita kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka huko peke yake hula robo ya sekunde, na jibu likirudi njia hiyo hiyo imekwisha nusu. Ukivuta kitu kwenye skrini kikakufuata baada ya nusu sekunde, mkono wako unapoteza imani nacho. Wako wanaosema "kwa wakati halisi" wakiikusudia haraka hii. Kwangu halisi ni kisichochanganywa, kama asali halisi, na wakati hauchanganywi na kitu, lakini hilo naliacha lipite.

Hapa kwetu mtu angeelewa jambo hili kwa kutazama jahazi likishuliwa Matondoni. Nimesema kushua, kitenzi chenye damu moja na kushuka na kushusha, ambacho ndicho cha wazee kwa chombo kinachoteremshwa majini. Kuzindua, tunakosema siku hizi, asili yake ni kumwamsha aliyelala na kumwondolea mtu zindiko. Siku ya kushua, fundi huwaita watu, na watu huja, wakashika kamba na mbavu za chombo, mmoja akaanza kuimba na wengine wakamwitikia ili misuli yote ivute pamoja. Kila bega linausikia uzito, na mmoja akilegea mwenzake anajua hapo hapo bila kuambiwa. Ukimwuliza mtu jioni kama alikuwemo kwenye kushua, hatajibu "ndiyo" kwa kuwa tu alipita pwani akaona.

Baada ya uzinduzi nilimfuata yule kijana pale nje. Nilimwuliza kama programu yao ina uwezo wa kuwapa wageni mkono. Akaniambia, "Unao, ami. Tuliufunga leo tukiogopa watu wasije wakaliharibu bango mbele ya wakubwa." Hofu yake naielewa kabisa. Nikamwomba jambo dogo tu: kwenye ukurasa wao, pale palipoandikwa "shirikiana mubashara", waandike "tazama mubashara" kwa muda wote ambao mlango umefungwa, na siku watakapoufungua walirudishe lile la kwanza, kwa kuwa siku hiyo litakuwa kweli. Akalitoa daftari akaandika. Kisha akaniuliza kama tanga lile kweli lilitaka kwenda kushoto, nikamwambia ndiyo, kiasi cha kidole kimoja.