Rivolva kwenye renji ya shabaha: anza na triga nzito

Wengi wanaokuja kujifunza kwangu wameshazoea bastola ya magazini, sasa wakishika rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka na risasi ndani yake, wanaiona kitu cha kizamani tu, risasi tano sita basi. Mi nawaambia hii ndo itakayokuumbua kidole.

Ukivuta triga bila kwanza kukoki (kurudisha nyuma) nyundo, ile inayogonga risasi, kidole kinafanya kazi zote kwa mpigo, kinazungusha silinda, kinarudisha nyundo nyuma afu kinaiachia, ndo maana triga za rivolva nyingi zina uzito wa kilo 5 hivi. Ukikoki nyundo kwa gumba uzito wa triga unashuka mpaka kama kilo 2, na mtu akishaonja ule wepesi hataki tena kurudi kwenye uzito. Kwa hiyo mi naanza na uzito. Vuta mfululizo, usisite katikati kuvizia shabaha, jicho libaki kwenye kilengeo cha mbele, shabaha yenyewe acha iwe na ukungu kidogo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote: mkufunzi anakupakilia silinda, anachanganya risasi nzima na maganda yaliyokwishapigwa, wewe hujui kipi kiko wapi. Nyundo ikiangukia ganda inalia tak, hakuna mshtuko wowote, lakini utaona mdomo wa bastola unazama kama kichwa cha mtu aliyesinzia. Hapo ndo unajua kumbe risasi zilizokuwa zinaangukia chini ya shabaha ni mkono unaojihami kabla ya mlio, kilengeo hakina kosa. Rudia mpaka mdomo utulie.

Ila nje ya zoezi hilo, tak ni habari nyingine kabisa. Usivute tena haraka haraka! Baruti inaweza kuchelewa kushika, na ukivuta tena ile risasi inahama kutoka kwenye mtutu, ikilipuka huko pembeni haina pa kupitia. Elekeza kwenye shabaha, subiri sekunde 30, ndo ufungue silinda. Na ukisikia mlio mdogo, puf, acha kila kitu, inawezekana risasi imekwama ndani ya mtutu.

Vidole je? Kati ya silinda na mtutu pana upenyo mwembamba, gesi ya moto na vipande vya risasi vinatokea hapo pande zote mbili, kwa hiyo wale mliozoea kunyoosha magumba mbele kwenye bastola ya magazini, huku yakunje yabaki nyuma ya silinda, na mwenzio asisimame ubavuni kwako. Miwani na vizibo vya masikio hilo halina mjadala.

Kama rivolva ni ya risasi aina ya .357 Magnum anza na aina fupi zaidi, .38 Special, zinaingia vizuri na mshtuko wake ni wa kistaarabu. Kinyume chake marufuku, ganda la Magnum lilirefushwa milimita 3 na ushee makusudi lisiingie kwenye silinda za .38.

Kutoa maganda, mdomo juu, gonga fimbo ya kutolea mara moja kwa nguvu. Ukifanya mdomo ukiwa chini, chembe za baruti zinaingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda, afu silinda inakaza, unaanza kulaumu bastola wakati kilichotakiwa ni kupitisha mswaki mkavu pale chini tu.