Acheni Kujumlisha Kura za Chama

Lile dai limerudi tena wiki hii, kutoka kwa msomi kabisa: eti mwaka 2016 chama cha Democratic kiliibiwa kiti cha Mweka Hazina wa jimbo la Washington, Marekani, kwa sababu ukijumlisha kura zake za mchujo unapata zaidi ya asilimia 51. Kujumlisha amejumlisha sawasawa. Kilichofuata baada ya hapo ni upuuzi.

Matokeo ya mchujo huo wa Agosti, kwa asilimia za kukadiria: Duane Davidson 25, Michael Waite 23, wote wa Republican. Kisha Marko Liias wa Democratic 20, na wenzake wawili 18 na 13. Washington ina mchujo mmoja: majina yote karatasi moja, wawili wa juu wanaingia Novemba, basi. Davidson akamshinda Waite na kuchukua ofisi ambayo chama chake hakikuwa kimeishika tangu miaka ya 1950.

Nani kaiba? Katika mchujo huo chama si mgombea. Karatasi ya kura haisemi hata kwamba fulani kateuliwa na Democratic. Inasema anakipendelea chama hicho, maneno aliyoyajaza mwenyewe kwenye fomu, wakubwa wa chama wapende wasipende. Ninyi mliozoea kura za maoni za CCM au mchujo wa vyama vya Kenya, wekeni kando habari za makao makuu kukata majina. Huku hayakatwi.

Sasa linaloniudhi zaidi, kwa sababu husemwa hata na wenzangu wa fani ya uchaguzi: "Wagombea wa Democratic walikuwa wengi mno." Wingi peke yake hautoshi kumfungia mtu nje. Tazama namba mbili tu: kura za mgombea wako wa juu kabisa, na kura za mgombea wa pili wa upande wa pili. Ili mkose wote, mambo mawili lazima yaangukie siku moja. Kwanza ninyi mgawane bila hata mmoja kuchomoza. Pili, wapinzani wenu nao wagawane, ila kwa wawili tu, na karibu nusu kwa nusu. Hili la pili halitajwi kamwe. Chukua asilimia 6 kutoka kwa Waite umpe Davidson: inakuwa 31 na 17, Liias anapita na asilimia zake zilezile 20, na jumla ya Democratic haijasogea hata nukta. Kwa hiyo kilichowaponza Democratic ni pia ule ulinganifu wa Republican, ambao sijaona dalili kwamba mtu aliupanga.

Mkibisha, nendeni 2024, kiti cha Kamishna wa Ardhi ya Umma wa jimbo hilohilo. Watano wa Democratic, wawili wa Republican. Safari hii jumla ya Democratic ilikuwa kubwa zaidi, karibu asilimia 57, na bado waliponea chupuchupu: baada ya kura kuhesabiwa upya kwa mkono, Dave Upthegrove wa Democratic alishika nafasi ya pili, mbele ya mgombea wa Republican, kwa tofauti ya kura 49, katika kura karibu milioni 1.9. Novemba akashinda. Zingempungua kura 50 tu, asilimia 57 zisingemsaidia kitu.

"Si wangejitoa wengine?" Nani? Kila mmoja wa wale watano angeweza kusema bila aibu kwamba yeye ndiye mwenye nafasi. Isitoshe, fomu hujazwa Mei na mwisho wa kujitoa ni Jumatatu inayofuata wiki hiyo ya fomu. Ukijitoa Julai jina lako limeshachapwa na linaendelea kula kura.

Kuhusu wagombea wa kupandikizwa, yaani wanaoingizwa ili kugawa kura za mwingine, sicheki. Mwaka huohuo wa 2024, wanaume wengine wawili walioitwa Bob Ferguson walijaza fomu za ugavana dhidi ya Mwanasheria Mkuu Bob Ferguson, kabla ya kujiondoa. Lakini kwa kiti cha hazina sijaona ushahidi wa namna hiyo. Liias alikuwa seneta wa jimbo. Huyo hakuokotwa barabarani.

Na kuna jambo tunalolipita kimyakimya katika fani yetu. Tunaposema kura "ziligawanyika", tunadhani aliyempigia mmoja wa wale wenzake wawili wa Democratic angempigia Liias. Tumejuaje? Karatasi iliuliza jina moja tu. Kwa ofisi ambayo wapiga kura wengi hawajui inafanya nini, nashuku baadhi waliweka alama kwa jina lililowakaa vizuri machoni, na jina hilo lisingekuwepo wangemrukia mtu wa chama kingine au kuacha wazi.

Alaska, tangu 2022, hupitisha wanne, kisha Novemba mpiga kura anawapanga kwa mpangilio anaoutaka. Kwa kanuni hiyo Liias na aliyemfuata wangeingia wote wawili mwaka 2016, na zile chaguo za pili, ambazo sasa tunazikisia, zingekuwa zimeandikwa kwenye karatasi.