Kiangazi cha Osaka kwa Baiskeli: Sherehe Zinazofuata Maji

Neno kiangazi huenda likampotosha msomaji wa pwani yetu. Kwetu kiangazi ni majira makavu, ya vumbi na majani yaliyonyauka, lakini kiangazi cha Osaka huanza kwa mvua. Majira hayo ya mvua, yanayoitwa tsuyu, huingia Juni na kwa kawaida huisha karibu na tarehe 19 Julai. Baada ya hapo jua huliwakia jiji lililokwisha kulowa, na wastani wa joto la juu la mchana katika mwezi wa Agosti hupita nyuzi 33. Usiku hauleti nafuu kubwa, kwa kuwa saruji na lami hutoa polepole joto zilizolihifadhi mchana kutwa, na Wajapani wana neno lao, nettaiya, yaani usiku wa kitropiki, kwa usiku ambao kipimajoto hakishuki chini ya nyuzi 25. Mimi nimezaliwa Tanga, mji wa baiskeli, na kazi yangu ni kupanga njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Hata hivyo, majira yangu ya kwanza hapa yalinilazimu kujifunza upya saa za kuwa barabarani.

Wageni huniuliza kwa nini watu wa Osaka wameweka sherehe zao kubwa katika siku zenye joto kali namna hii, badala ya kungoja vuli. Jibu liko katika historia ya miji ya Japani. Miezi ya joto ndiyo iliyokuwa miezi ya maradhi ya kuambukiza, hasa katika miji iliyosongamana kando ya mito, na ibada za kiangazi zilikusudiwa kuyafukuza maradhi hayo na kuwatakasa watu. Kinachotakasa ni maji. Ndiyo maana sherehe tatu zinazotajwa kuwa kuu za kiangazi cha Osaka, yaani Aizen, Tenjin na Sumiyoshi, zinasimulia habari za mto na bahari, hata pale ambapo bahari yenyewe imekwisha kusogezwa mbali. Mtu anayezitembelea kwa treni ya chini ya ardhi huona vituo vitatu visivyohusiana, ilhali anayezifuata kwa baiskeli hulihisi umbo la ardhi chini ya matairi yake na kuelewa kwa nini kila sherehe iko mahali pake.

Umbo hilo ni jepesi kulikumbuka. Karibu Osaka yote ni tambarare iliyojengwa na udongo wa mto Yodo, isipokuwa mwinuko mmoja mrefu na mwembamba uitwao Uemachi, ambao unatoka kwenye ngome ya Osaka upande wa kaskazini na kuelekea Sumiyoshi upande wa kusini, na kimo chake hakifiki hata mita 40. Zamani za kale mwinuko huo ulikuwa rasi: magharibi palikuwa na bahari, mashariki palikuwa na maji ya ghuba yaliyogeuka kuwa ziwa na baadaye mashamba. Hekalu la Shitennoji, linalosemekana kuanzishwa na mwanamfalme Shotoku mwaka 593, lilijengwa juu ya rasi hiyo, na waumini walikuwa wakikusanyika kwenye lango lake la magharibi kutazama jua likizama baharini. Hadi leo mtaa wa jirani unaitwa Yuhigaoka, kilima cha jua la jioni, ingawa kutoka pale huioni bahari tena, unaona majengo tu.

Sherehe ya Aizen hufanyika hapo hapo, tarehe 30 Juni hadi 2 Julai, kwenye hekalu la Aizendo, na huwa ya kwanza katika mwaka. Wasichana waliovaa yukata, vazi jepesi la pamba la kiangazi, hubebwa kwenye machela zilizopambwa kwa maua huku wabebaji wakiimba kwa kupokezana. Ushauri wangu ni kuijia kutoka magharibi, upande wa chini, ili uone namna barabara inavyokuwa tambarare kabisa kisha ghafla ikakutana na ukingo wa mwinuko. Ukingo huo ndio uliokuwa ukipakana na ufuo. Kuna miteremko saba maarufu inayoupanda, na mmojawapo, Kuchinawazaka, ni wa ngazi za mawe. Kuchinawa ni neno la zamani la nyoka. Usijaribu kuupanda ukiwa na baiskeli. Iache chini mahali panaporuhusiwa, upande kwa miguu.

Tenjin ndiyo inayovuta umati. Hufanyika tarehe 24 na 25 Julai kwa heshima ya Sugawara no Michizane, mwanazuoni aliyefariki mwaka 903 akiwa uhamishoni na baadaye akatukuzwa kuwa mungu wa elimu. Asili yake inahesabiwa kutoka mwaka 951, pale mkuki mtakatifu ulipotupwa mtoni ili mahali utakapokwama pawe pa kupumzikia mungu huyo. Ibada hiyo ingali inafanywa asubuhi ya tarehe 24, na mtoto aliyeteuliwa huuachia mkuki wa mti uchukuliwe na maji. Jioni ya tarehe 25, baada ya maandamano ya watu wapatao 3,000 kupita barabarani, mashua zipatazo 100 hushuka na kupanda mto Okawa zikiwa na taa, ngoma na makaa yawakayo, na fataki hupasuka juu yake. Mashua zikipishana, abiria wa pande zote mbili hupigiana makofi kwa mpangilio maalumu wa Osaka. Jambo lililonigusa zaidi ni dogo. Sehemu ya katikati ya madaraja huzibwa ili mtu yeyote asimtazame mungu kutoka juu anapopita chini kwenye mashua yake.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea kuhusu baiskeli. Jioni ya tarehe 25 barabara za karibu na mto hufungwa, watu wanasimama bega kwa bega, na baiskeli inakuwa mzigo kwako na hatari kwa watoto wa wenzako. Siku yake ni tarehe 24, tena mapema. Jua huchomoza karibu na saa kumi na moja alfajiri, na kati ya saa hiyo na saa mbili asubuhi njia za kando ya mto ni za wazee wanaotembea, wakimbiaji na kivuli cha miti. Anzia Nakanoshima, kisiwa chembamba katikati ya mto, upite mbele ya jumba la matofali mekundu la mikutano ya umma lililokamilika mwaka 1918, kisha uelekee kaskazini kwa ukingo wa Okawa kupitia Sakuranomiya. Mashua utazikuta zimefungwa gatini, mafundi wakiweka mianzi na taa za karatasi. Naipenda saa hii kuliko fataki zenyewe, kwa sababu unaona kazi ya mikono ambayo usiku itamezwa na mwanga.

Usigeuke kabla ya kufika Kema, kilomita chache mbele. Pale Okawa inajitenga na mto Yodo wa sasa, na penye maungio kuna milango ya kuzuia maji na mlango wa zamani wa kupitishia mashua uliokamilika mwaka 1907. Mwaka 1885 mafuriko makubwa yaliizamisha Osaka, na serikali ikaamua kuchimba njia mpya pana ya kuyapeleka maji baharini bila kupita katikati ya jiji. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1910. Kwa hiyo mto wanaouelea leo mashua za Tenjin ndio Yodo wenyewe wa kale, uliotulizwa kwa milango ya Kema. Kazi yangu ni ya miundombinu, na ninaposimama pale huona kwamba sherehe ya mwaka 951 inafanyika leo kwa utulivu kwa msaada wa wahandisi wa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kutoka Tenmangu, hekalu la Tenjin, hadi Sumiyoshi Taisha ni yapata kilomita 10, nyingi zake tambarare. Miungu ya Sumiyoshi ni walinzi wa mabaharia, na maji ya bahari yaliwahi kufika karibu na lango lake. Ushahidi umesimama uwanjani: mamia ya taa za mawe, baadhi ndefu kupita nyumba, zilizotolewa na wafanyabiashara waliokuwa wakituma bidhaa zao kwa jahazi. Sherehe yake huanza tarehe 30 Julai, siku inayofuata watu hupita ndani ya duara kubwa la nyasi ili kuacha uchafu wa nusu mwaka, na tarehe 1 Agosti kiti kitakatifu cha mungu, mikoshi, hubebwa mabegani kuvuka daraja la upinde mkali, kisha hupelekwa hadi mji wa Sakai. Njiani kuna mto Yamato, na wabebaji huingia nacho majini.

Uvuke nao, lakini wewe upite darajani. Mto Yamato katika sehemu hii ni mfereji uliochimbwa mwaka 1704, na ng'ambo yake, Sakai, ndiko msomaji mwenye baiskeli atapata jambo la kumhusu moja kwa moja. Wahunzi wa Sakai walitengeneza bunduki katika karne ya 16, baadaye visu vya kukatia tumbaku, na baiskeli zilipoanza kuingia Japani kutoka ng'ambo, hao hao ndio waliojua kufua vipuri vyake. Mwaka 1921 Shozaburo Shimano alifungua karakana yake katika mji huo. Ukigeuza baiskeli yenye gia, iwe Moshi, Kisumu au Bujumbura, kuna uwezekano mkubwa ukasoma jina hilo kwenye chuma. Sakai ina jumba la makumbusho la baiskeli, na safari ya kilomita 6 hivi kutoka Sumiyoshi inakufikisha kwenye kaburi la Daisen, linalonasibishwa na mfalme Nintoku, lenye urefu wa mita 486 na lililoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2019. Ndani haruhusiwi mtu kuingia. Unalizunguka kwa kiasi cha kilomita 3, msitu na handaki la maji vikiwa upande mmoja na nyumba za watu upande wa pili.

Kama una siku moja tu isiyo na sherehe, itumie kwenye vivuko. Magharibi mwa jiji, ambako mito inakatwa na viwanda na magati, manispaa inaendesha vivuko vinane vya mashua ndogo, na hakuna anayelipa nauli, awe anatembea au ana baiskeli. Viliacha kutoza nauli mwaka 1920, sheria ya barabara ilipovihesabu kuwa sehemu ya barabara, na nadhani uamuzi huo unastahili kusomwa na kila mpangaji wa miji. Waliowahi kuvuka Likoni kwa miguu bila kulipa wataielewa mantiki yake. Pale Senbonmatsu kuna daraja refu la magari, lililoinuliwa sana ili meli zipite, lenye njia za kuzunguka kama koili kwenye ncha zake mbili. Daraja lilipofunguliwa mwaka 1973 ingedhaniwa kwamba kivuko kitakufa, lakini kimebaki, kwa sababu kumpandisha mama mwenye kikapu cha mboga hadi kimo kile si huduma. Unaingia na baiskeli yako, unaishika breki, na baada ya dakika chache uko ng'ambo. Katikati ya mto kuna upepo, na katika mwezi wa Agosti upepo huo una thamani yake. Wilaya ya Taisho, ambamo vivuko vingi vinagusa, ina jamii kubwa ya watu wenye asili ya Okinawa, na Septemba ngoma zao za eisa huchezwa katika bustani ya Chishima.

Sheria nizieleze kwa ufupi. Baiskeli hupita kushoto na kwa kawaida barabarani. Njia ya miguu ni ya wenye miguu, isipokuwa palipo na alama au kwa watoto walio chini ya miaka 13 na wazee wa miaka 70 na zaidi. Kofia ngumu imehimizwa na sheria kwa watu wote tangu Aprili 2023. Bima ni lazima katika mkoa wa Osaka tangu mwaka 2016, basi muulize anayekukodisha kama imo katika bei. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2026 mwendeshaji mwenye umri wa miaka 16 na zaidi huandikiwa faini kama dereva wa gari, na kushika simu ukiendesha ni yeni 12,000. Mwavuli mkononi na pombe, hata ya sherehe, havina nafasi kwenye baiskeli. Kuhusu kuegesha nina uchungu wangu: mwaka wangu wa kwanza niliifunga baiskeli karibu na kituo kimoja cha treni nikidhani dakika 20 si kitu, nikarudi nikakuta karatasi imebandikwa chini ya nguzo, na siku iliyofuata nilisafiri hadi ghala la pembezoni mwa jiji kuikomboa. Maegesho ya kulipia ni mengi na ya bei nafuu.

Kuhusu joto siwezi kulegeza kauli. Tahadhari ya kiharusi cha joto hutolewa pale kipimo kinachojumuisha joto, unyevu na jua kinapotarajiwa kufika 33, na siku hiyo baiskeli ibaki ndani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kunywa kabla ya kiu, na uongeze chumvi. Chai ya shayiri iko kila duka, lakini kama ukiiona, jaribu hiyashi-ame, kinywaji baridi cha sukari ya kimea na tangawizi ambacho mtu wa kwetu atakitambua kwa funda la kwanza.

Mwisho wa msimu, tarehe 23 na 24 Agosti, hakuna umati wala fataki. Ni Jizo-bon, siku za Jizo, mlinzi wa watoto, ambaye sanamu zake ndogo za mawe zimewekwa kwenye pembe za vichochoro. Majirani huning'iniza taa za karatasi zenye majina ya watoto, hutandika mikeka na kuwagawia peremende. Jioni hiyo, kuanzia saa kumi na mbili, mimi huendesha polepole katika mitaa ya zamani ya nyumba za mbao, na kila nikiziona taa mbele hushuka na kuikokota baiskeli hadi nivuke mikeka ya watoto.