Nina, nina, na... : kuimba Ubuddha nikiwa Kisumu

Wimbo wangu wa kwanza wa Ubuddha ulipigiwa amina. Nilikuwa naimba kwa bustani ya hoteli moja hapa Kisumu upande wa ziwa, jioni, watu wanakula samaki zao, na mimi nimekaa na gitaa nikijiona nimeandika kitu kizito sana, korasi yenyewe ilikuwa inasema maisha ni mateso, mateso yana chanzo, mateso yana mwisho, na kabla nifike vesi ya pili mama mmoja wa meza ya mbele akafunga macho akainua mkono, "Amina! Yataisha kwa jina la Yesu!" na meza yote ikaitikia. Sikukasirika. Huyo mama aliskia wimbo vizuri kabisa, ni mimi nilikuwa nimeandika gospo bila kujua.

Kazi yangu ni kuandika nyimbo, zangu na za watu, na miaka kadhaa sasa nasoma maandishi ya Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Kibuddha, kwa tafsiri (Kipali chenyewe naokota neno hapa neno pale). Mimi si mtawa, mamangu alinibatiza na cheti bado anacho kwa sanduku. Lakini watu wananiuliza sana venye mtu anaweza kuweka hii falsafa kwa wimbo bila wimbo kugeuka lekcha, so leo wacha nieleze venye mimi hufanya.

Kwanza ni hilo neno. Dukkha kila mtu anaitafsiri "mateso", na kwa Kiswahili chetu cha huku mateso ni mali ya kanisa, ukiyataja tu msikilizaji ashaanza kutafuta mwokozi. Lakini dukkha si kuumia peke yake, ni pia ile hali umepata kile ulikuwa unataka na bado kuna kitu kinakuwasha, umekula umeshiba lakini jicho liko kwa sahani ya jirani. Na chanzo chake kinaitwa taṇhā, na taṇhā maana yake kabisa ni kiu. Kiu tu, ile ya maji. Sasa mtu wa Manyatta ambaye anaona ziwa lote lile kila siku na mfereji wake umekauka na ananunua maji kwa mtungi, huyo utamfundisha nini kuhusu kiu? Nilitoa mateso nikaweka kiu na wimbo ukashuka kutoka madhabahuni ukaja kukaa na watu.

Halafu kuna kitu Kiswahili kinatupea bure na hatukioni. Ukisema "nina gitaa" hujasema gitaa ni mali yako, umesema uko na gitaa, wewe na gitaa mko pamoja kwa sasa, basi. Nina nyumba, nina mtoto, nina homa, ni "na" ile ile. Kumiliki ni neno la kwa wakili na hati ya shamba, nyumbani hakuna mtu husema "namiliki bibi". Hiyo ni anicca, kutodumu kwa vitu, iko ndani ya sarufi, na tunaitamka kila siku kabla ya chai. Nikaamua korasi yote ikae juu ya hilo neno, na kila ikirudi ipoteze kitu:

Nina nyumba, nina jina, nina wewe
Nina jina, nina wewe
Nina wewe
Nina...

Ya mwisho sauti inakatika hapo na gitaa linaendelea na melodi yenyewe, ile nafasi ya maneno inabaki wazi. Sijasema popote kwamba vitu hupita, msikilizaji amevihesabu mwenyewe vikiondoka.

Ingine ni hu-. Naimba, unaimba, anaimba, kila moja iko na mtu ndani. Sema "huimba", mtu ametoka, kimebaki kitendo. Wabuddha wanasema anatta, hakuna kitu kimoja ndani yako kisichobadilika ambacho unaweza kukishika useme hiki ndo mimi, na ukijaribu kueleza hivyo kwa vesi utachosha watu, lakini ukiimba briji yote kwa hu-, huja, huwaka, hupoa, huenda, hakuna hata mtu atauliza ni nani. Enyewe huku kwetu kuimba anatta ni kazi, kwa sababu tumelelewa na pakruok, mtu anatoa pesa muziki usimamishwe ndo ajisifu, yeye ni ndovu, yeye ni mkwe wa nani, na mimi napenda pakruok sana, sidanganyi. So sipigani nayo. Kuna wimbo nimeanza na sifa kama za pakruok halafu kila sifa inaulizwa na waitikiaji, hiyo ni wewe? hiyo ni wewe? mpaka mwenye sifa anaanza kucheka.

Msidhani haya ni maujanja ya vijana wa studio. Kuna mkusanyo wa kale wa mashairi ya watawa wa kike unaitwa Therigatha, na ndani kuna shairi la Ambapali, alikuwa kahaba maarufu wa mji wa Vesali, tajiri, mwenyewe ndo alimpa Buddha shamba la miembe. Akiwa mzee anajiimba kutoka kichwani kwenda chini, nywele zilikuwa nyeusi rangi ya nyuki sasa ni kama nyuzi za katani, macho, pua, meno, mikono, miguu, na kila ubeti unafungwa na mstari ule ule, kwamba neno la msema kweli halibadiliki. Yaani ni korasi! Kila kitu kwa mwili wake kinabadilika isipokuwa huo mstari. Ningekuwa na uwezo wa kuandika hivyo ningefunga studio nilale.

Kuna wenye hunikumbusha kwamba Buddha alikataza muziki. Nusu ni kweli. Watawa, na waumini wakati wanashika zile kanuni nane, wanajizuia na ngoma na nyimbo na maonyesho, lakini kanuni tano za muumini wa kawaida hazitaji muziki hata kidogo. Na mahali Buddha anaonya watawa wasiyaimbe mafundisho kwa sauti ya kuvutavuta, hatari ya kwanza anayotaja ni kwamba mwimbaji atapenda sauti yake mwenyewe. Hiyo ilinichoma. Nilirudi kwa kompyuta nikatoa sauti nne za kurudufu nilikuwa nimejipangia kwa korasi, nikabaki na moja, na ile moja iko na mkwaruzo kidogo, ikae tu.

Nyuzi nazo nilifundishwa na mzee mmoja mpiga nyatiti wa kando ya Siaya. Nyatiti, kinanda cha Waluo, ina nyuzi nane, zamani ilikuwa mishipa ya ng'ombe, siku hizi wengi wanaweka nailoni. Nilienda kumrekodi na nikawa na haraka, nikachukua nikaanza kukaza mwenyewe nikifuata kipimo cha simu, uzi wa juu ukalia pa! ukanichapa kidole. Mzee hata hakuinuka. "Nyathina," yaani mtoto wangu, "hiyo simu imewahi kukaa kwa matanga usiku mzima?" Akaweka uzi mwingine, akakaza kidogo, akagonga, akalegeza, akaegemeza sikio kwa mbao, akalegeza tena nywele moja tu, akavaa pete yake ya chuma kwa kidole gumba cha mguu akaanza. Nilimwambia Buddha alikuwa na mwanafunzi anaitwa Sona, alikuwa mpiga kinanda cha nyuzi kabla awe mtawa, akatembea akitafakari mpaka nyayo zikatoka damu, akataka kuacha, na Buddha akamuuliza tu, nyuzi zikikazwa sana kinalia? Zikilegea sana? Mzee akasema huyo Buddha alikuwa anajua nyatiti.

Hiyo rekodi ndo iko chini ya wimbo wa "nina" sasa. Majuzi nikaurudisha kwa ile bustani ya hoteli, watu wengine, samaki wale wale. Hakuna amina. Nikafika korasi ya mwisho, nikasema "nina..." nikanyamaza, na hapo kwa kimya dereva wa tuktuk alikuwa anangoja kasta mlangoni akapiga kelele, "Deni!"

Watu wakavunjika mbavu. Gitaa likaendelea.