Kwa nini glioblastoma hurudi: maswali na majibu kuhusu seli shina za saratani ya ubongo

Daktari alisema uvimbe wote umetolewa. Mbona umerudi?
"Wote" hapo ni ule unaoonekana kwa macho na kwenye picha ya MRI. Glioblastoma, saratani kali inayoanzia kwenye ubongo, haina ganda wala mpaka. Seli zake hutambaa ndani ya ubongo wenye afya kama ukoka shambani: unang'oa majani, vipande vya mizizi vinabaki. Kuzifuata zote kwa kisu kungemnyima mgonjwa usemi, uoni au nguvu za miguu. Mara nyingi uvimbe huota tena ndani ya sentimita 2 hivi kutoka ukingo wa mwanzo.

Seli shina za saratani ni zipi?
Ni zile zinazoweza kujizalisha upya na pia kuzaa aina nyingine za seli za uvimbe. Mwaka 2004 timu ya Sheila Singh na Peter Dirks, huko Toronto, Kanada, ilizitenganisha kwa kutumia alama iliyo juu ya seli, protini ya CD133. Seli 100 zenye alama hiyo zilitosha kuotesha uvimbe kwenye ubongo wa panya. Seli 100,000 zisizo nayo hazikuotesha.

Baadaye ilionekana kwamba hata baadhi ya seli zisizo na CD133 huotesha uvimbe, na kwamba seli nyingine ya saratani inaweza kugeuka ikachukua tabia za seli shina. Hili ndilo gumu kuliko yote: ukiziua za leo, nyingine huweza kuchukua nafasi zao.

Zinaponaje mionzi na dawa?
Mionzi huua seli kwa kukata DNA. Mwaka 2006 timu ya Jeremy Rich, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilionyesha kuwa seli zenye CD133 huwasha upesi protini za Chk1 na Chk2, ambazo husimamisha mgawanyiko ili DNA itengenezwe kwanza. Temozolomidi, dawa ya saratani ya kumeza, nayo huumiza zaidi seli zinazogawanyika, ilhali seli shina nyingi zimelala. Dawa ikiisha, zinaamka. Tena uvimbe wenye kimeng'enya cha MGMT kwa wingi hufuta jeraha ambalo dawa imelitia kwenye DNA. Ulizeni kama kipimo cha MGMT kinapatikana, maana majibu yake husaidia kukadiria faida ya dawa.

Basi tiba ina maana gani?
Ina maana kubwa. Utaratibu unaotumika tangu 2005 ni upasuaji, kisha mionzi Gy 60 (Gy, yaani gray, ni kizio cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 30 katika wiki 6, pamoja na temozolomidi mg 75 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili kila siku. Baada ya mapumziko ya wiki 4 hufuata mizunguko 6: siku 5 za dawa katika kila siku 28, mg 150 hadi 200 kwa siku, nazo pia kwa kila mita ya mraba. Katika utafiti ulioweka utaratibu huo, waliofikisha miaka 2 walikuwa takribani 26 kwa kila 100. Kwa mionzi peke yake walikuwa 10.

Kapsuli ya temozolomidi imezwe nzima, tumbo likiwa tupu, isifunguliwe. Mgonjwa akitapika, asirudie dozi siku hiyo. Wakati wa mionzi damu ipimwe kila wiki, kwa sababu chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikishuka chini ya 100,000 kwa mikrolita dawa husimamishwa. Homa ya nyuzi 38 ni safari ya hospitali, usiku uleule. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, isikatwe ghafla.

Picha ya kwanza baada ya mionzi inaonyesha uvimbe umekua!
Msikate tamaa. Katika miezi 3 ya mwanzo, tiba yenyewe huweza kuvimbisha eneo likafanana na saratani iliyorudi. Daktari huweza kurudia picha baada ya wiki kadhaa kabla ya kubadili dawa.

Tumeuziwa "tiba ya seli shina". Tukubali?
Hapana. Kudungwa seli shina hakuui seli shina za saratani. Ni mambo mawili tofauti yaliyogongana jina. Dawa zinazolenga seli hizi bado zinajaribiwa. Mahali pake ni utafiti uliosajiliwa, wenye fomu ya ridhaa, ambao mgonjwa hauziwi dawa inayojaribiwa.