Kupanga mbali na mjini si lazima kuwe nafuu

Wengi Dar es Salaam tunaamini kwamba mwenye kipato cha kawaida hawezi kupanga karibu na Posta au Kariakoo; akitaka nafuu na usalama, aende pembezoni, Chanika au Mbagala. Imani hiyo ina msingi, maana kodi ya huko mara nyingi iko chini.

Lakini kodi ni sehemu tu ya gharama. Tuseme chumba cha mbali kinakuokolea shilingi 60,000 kwa mwezi. Ukipanda bodaboda ya 1,000 asubuhi na jioni kufika kituoni, kwa siku 26 za kazi ni 52,000, na nauli ya daladala bado. Piga hesabu yako kabla ya kumlipa dalali. Karibu na mjini, kama Ilala, Buguruni na Magomeni, bado kuna vyumba kwenye nyumba za zamani, choo na ua mkitumia pamoja.

Usalama nao haupimwi kwa umbali. Jangwani ni jirani kabisa na Kariakoo, ila Mto Msimbazi hufurika. Kagua ukuta wa nje: mstari wa tope uliokauka, au rangi mpya iliyoishia usawa wa goti, uulizie. Rudi saa mbili usiku uone kama njia ina taa na watu. Wapangaji watakwambia kama mita ya umeme ya LUKU ni ya pamoja. Na mwenye nyumba ni nani hasa? Muulize mjumbe wa mtaa, hata kama dalali anakuharakisha.