Kabla ya kuingia chumba cha usaili, msome Nehemia

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alinipigia simu saa tatu usiku. Ameitwa kwenye usaili Dodoma, nafasi ya Mhasibu Daraja la II katika halmashauri, na zimebaki siku 9. "Mama mdogo, naomba uniombee tu," akasema. "Mengine Roho Mtakatifu atanipa saa ile ile." Nikamwambia kuomba nitaomba, tena nitafunga pamoja naye. Ila Jumamosi aje nyumbani na daftari, kalamu, vyeti vyake vyote na tangazo la kazi lenyewe.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa miaka 14 na nimekaa kwenye majopo mengi ya usaili. Maneno ya mtoto wetu nimeyasikia kwa vijana wengi waliookoka, vijana wanaompenda Mungu kwa kweli. Yananiuma, maana nimewaona wakitoka mle chumbani macho yamejaa machozi, na njiani wanaanza kujiuliza kama Mungu amewaacha. Hajawaacha. Walishika andiko ambalo halikuwa la siku ile.

Hebu tulisome. Katika Luka 12:11-12 Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba watakapopelekwa mbele ya masinagogi, watawala na wenye mamlaka, wasisumbuke watajibu nini, kwa kuwa Roho atawafundisha. Hiyo ni ahadi ya mtu aliyekamatwa kwa ajili ya jina la Kristo. Aliyekamatwa hana nafasi ya kujiandaa. Wewe umepewa siku 9 na tangazo lenye orodha ya majukumu, na siku hizo nazo ni zawadi ya Mungu utakayoitolea hesabu.

Mtu wa kumsoma ni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi aliyetamani kwenda kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu uliobomoka. Sura ya 1 inaanza mwezi wa Kisleu, sura ya 2 ni mwezi wa Nisani, na katikati hapo kuna kama miezi 4 ya kufunga na kuomba. Kisha siku moja, akimpa mfalme Artashasta divai, mfalme anamwuliza mbona uso wake una huzuni. Anataka nini? Safari yake itachukua muda gani, na atarudi lini? Maswali hayo ni usaili kamili. Maandiko hayafichi kwamba aliogopa sana, kwa hiyo tumbo likikuvuruga mlangoni usidhani imani yako imekwisha. Mstari wa 4 anamwomba Mungu wa mbinguni palepale, kimoyomoyo, kati ya swali na jibu.

Halafu anajibu, na majibu yake ndiyo yanayonifurahisha kila ninapoyasoma. Anataja muda. Anaomba barua kwa maliwali walio ng'ambo ya Mto ili wamruhusu kupita. Anaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya boriti za malango ya ngome, ya ukuta wa mji na ya nyumba atakayokaa yeye mwenyewe. Yuko Shushani, mbali kabisa na Yerusalemu, na tayari anamjua mtunza msitu kwa jina na anajua miti itakwenda wapi na wapi. Ile miezi 4 hakuwa analia tu. Alikuwa anapiga hesabu.

Mimi nilichelewa kulijua hili. Usiku wa kuamkia usaili wangu wa kwanza nilikesha kwenye maombi hadi alfajiri, ikiwa siku ya tatu ya kufunga. Niliingia na amani kweli. Mwenyekiti wa jopo akaniomba nieleze majukumu ya taasisi yao. Nilikuwa sijasoma hata ukurasa mmoja kuhusu taasisi hiyo. Nikaanza kuzungukazunguka, maneno ya jumla yanayofaa kila mahali, na mjumbe wa upande wa kushoto akaiweka kalamu chini taratibu. Ile kalamu naiona hadi leo, kwa sababu sasa mimi ndiye ninayeishika. Kila mjumbe ana fomu yake yenye maswali yaleyale kwa wasailiwa wote, na anaandika alama kwa alichokisikia. Kalamu ikilazwa mezani, ujue hakuna cha kuandika.

Tangu hapo nawashauri vijana wafunge mapema na wamalize mfungo siku 2 kabla, kisha wale na walale. Eliya alipochoka chini ya mretemu, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mwili uliolala nao unamtumikia Mungu.

Jumamosi ikafika. Tulilichukua tangazo, na kila jukumu nikamwambia alipe ukurasa wake kwenye daftari. Kuandaa hati za malipo, ukurasa. Kutunza kumbukumbu za mapato, ukurasa. Kufanya usuluhisho wa hesabu za benki, yaani kulinganisha daftari na taarifa ya benki hadi tofauti ijulikane, ukurasa. Chini ya kila moja aandike: nimewahi kufanya nini kinachofanana na hili? Kurasa zikabaki nyeupe. "Mama mdogo, mimi sina uzoefu," akasema. "Tangu nimalize chuo nina miaka miwili nyumbani."

Nikamwuliza habari za kwaya. Kumbe ndiye mhazini wa kwaya ya vijana usharikani kwao, na hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kulitaja mbele ya jopo. Nikamwambia anisimulie michango ya sare ya mwaka jana. Daftari lilionyesha wamekusanya shilingi 1,240,000. Alipohesabu fedha taslimu na salio la simu akapata 1,194,000. Zimepungua 46,000, na watu wameshaanza kunong'ona. Akakaa jioni mbili, anafungua ujumbe wa simu mmoja mmoja na kuulinganisha na mstari wake kwenye daftari. Akakuta mchango wa mwanakwaya mmoja, 30,000, umeandikwa mara mbili: siku alipoahidi na siku alipolipa. Zile 16,000 zilizobaki zilikuwa makato ya kutoa fedha ambayo hakuna aliyeyaandika. Akaeleza mbele ya kikao, akaweka safu mpya ya makato kwenye daftari, na minong'ono ikaisha.

"Mwanangu," nikamwambia, "huo ndio usuluhisho." Alinitazama kama nimemwambia habari za mtu mwingine.

Wewe unayesoma hapa, huenda umekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye watoto 60 wa umri tofauti, au umeratibu kambi ya vijana tangu chakula hadi magari, au umeandika mihtasari ya vikao vya baraza la wazee. Hiyo ni kazi. Ieleze kwa mpangilio: hali ilikuwaje, wewe ulipewa jukumu gani, ulifanya nini, na mwisho wake ulikuwa upi. Dakika mbili zinatosha.

Hapo kuna kikwazo kimoja cha malezi yetu. Katika masimulizi yale yote mtoto wetu alisema "tulikaa," "tulikuta," "tukaeleza." Tumefundishwa kwamba kusema "mimi" ni majivuno, na kanisani zaidi. Lakini jopo haliwezi kuiajiri kwaya nzima. Mtazame Yusufu katika Mwanzo 41. Anaitwa kutoka gerezani, ananyoa, anabadili nguo, anasimama mbele ya Farao na kusema wazi kwamba majibu yatatoka kwa Mungu. Ameshampa Mungu utukufu wake, na hanyamazi hapo: anatoa mpango wa sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka 7 ya shibe, wasimamizi nchini, na akiba mijini. Kusema ukweli juu ya kazi uliyoifanya kwa mikono aliyokupa Mungu si majivuno. Kuongeza chumvi ndiko kubaya.

Na chumvi inaongezwa sana. Rafiki yake mmoja alikuwa amemshauri aandike kwamba kwa miaka ile miwili alikuwa mhasibu wa duka fulani. Nilimwomba asifanye hivyo, kwanza kwa sababu ya Mathayo 5:37, ndiyo yetu iwe ndiyo. Pili kwa sababu ninajua kinachofuata. Wadhamini hupigiwa simu. Nimewahi kumpigia "meneja" aliyeandikwa kwenye wasifu, akapokea kijana aliyeniuliza kwanza jina la kampuni aliyotakiwa kuisema. Msailiwa yule alikuwa na alama nzuri, na ninaamini angepata kazi bila ule uongo. Pengo la miaka miwili linasemeka: nilikuwa natafuta kazi, nimemuuguza bibi, nimekuwa mhazini wa kwaya, nimejifunza kutengeneza majedwali ya hesabu kwenye kompyuta. Basi. Vivyo hivyo ukiulizwa udhaifu wako, usiseme unafanya kazi kupita kiasi. Tumelichoka jibu hilo. Taja udhaifu wa kweli na hatua unayoichukua. Mtoto wetu huongea haraka akiwa na woga, na siku zile alikuwa anajizoeza kuvuta pumzi kabla ya kujibu. Jibu hilo nililipenda, kwa sababu tungeliona wenyewe akiongea.

Maswali ya taaluma nayo hayana njia ya mkato. Anayeomba uhasibu wa halmashauri ajue mapato ya ndani ni nini na hutoka wapi. Ajue kwamba asilimia 10 ya mapato hayo hutengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ajue hati ya malipo hupita mikononi mwa nani kabla fedha haijatoka. Danieli na wenzake walisoma maandiko na lugha ya Wakaldayo miaka 3 kabla ya kusimamishwa mbele ya mfalme, na Biblia inasema Mungu ndiye aliyewapa maarifa. Sioni mgongano hapo.

Kuhusu vyeti nitasema jambo moja ambalo linawakwamisha Wakristo hasa, nalo ni jina la ubatizo. Cheti cha kuzaliwa kina jina la bibi, cha kidato cha nne kina jina la ubatizo, na kitambulisho cha taifa kina yote mawili kwa mpangilio mwingine. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husisitiza vyeti halisi na kitambulisho, na anayetofautiana majina hudaiwa uthibitisho wa kisheria wa kubadili jina. Ufuatilie mapema, si siku ya kusafiri. Kumbuka pia kwamba nauli, chakula na malazi ni juu yako.

Sasa jambo zito, na ninawaandikia dada zangu kwa moyo wote, ingawa kaka nao hukutana nalo. Akitokea mtu akasema yuko karibu na jopo na kazi itapatikana ukikutana naye hotelini, hiyo ina jina: rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa kosa. Usimjibu kwa hasira wala usifute ujumbe wake. Utunze, mwambie mtu unayemwamini, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, haitozwi. Usilibebe peke yako kwa aibu, maana aibu si yako. Wala usimlipe yeyote kwa ahadi ya nafasi, hata akija na chupa ya mafuta na kukuambia upande mbegu ndipo mlango ufunguke. Maombi ya kweli hayauzwi.

Wasabato huniuliza waseme lini habari ya kutofanya kazi Jumamosi. Maoni yangu: kazi ikiwa ni ya zamu, sema mbele ya jopo, kwa utulivu, na pendekezo lako mkononi, kwa mfano kuzichukua zamu za Jumapili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa dini, na ulinzi huo unamhusu hata mwombaji wa kazi. Unamlinda pia mwanamke dhidi ya kunyimwa kazi kwa sababu ya ujauzito au ndoa.

Jumapili jioni tulifanya mazoezi sebuleni. Mume wangu alikuwa mwenyekiti, mimi mjumbe mwenye kalamu. Mara ya kwanza alijibu mbio mbio, akasema "tuli" mara 11, nilizihesabu. Mara ya tatu alinyamaza kidogo baada ya swali, midomo ikatikisika, ndipo akajibu. Sikumwuliza alikuwa anasema nini katika ule ukimya.

Leo asubuhi amepanda treni hapa Morogoro kwenda Dodoma. Vyeti halisi viko kwenye bahasha ya plastiki, nguo imepigwa pasi, na lile daftari la kwaya nililomwambia aliache nyumbani amelibeba vilevile. Mfungo tulimaliza juzi. Usaili ni kesho saa moja asubuhi, na tumekubaliana kwamba usiku huu mimi nitaomba, yeye alale.